Kamba ya Mita Mia na Kasi ya Hadija

Vijana wa idara ya michezo waliponiaga mwezi uliopita walinipa saa ya ukutani, kitenge cha mke wangu na ombi: niandike niliyoyaona kazini ili wao wasiyarudie. Saa nimeshaifungua nyuma kuitazama mashine yake, maana mimi saa siipokei kwa macho tu. Inapoteza dakika moja kwa wiki. Ombi nalo nimelipokea, ingawa bado najiuliza nani kati yao alilitoa na anatafuta nini.

Habari za vyeo sitaziandika. Vyeo vilikuja kwa barua, na barua zimo kwenye mafaili, atakaye akasome.

Siku yangu ya kwanza kazini Singida nilikabidhiwa vitu vinne: filimbi, saa ya kupimia mbio ya kutia ufunguo, bendera nyekundu, na kamba ya katani ya mita mia yenye kitambaa chekundu kila ncha. Aliyenikabidhi ni Mwalimu Kijanga, kocha aliyenitangulia, mtu mfupi mwenye matege ambaye hakuna aliyeamini kuwa aliwahi kukimbia mpaka alipokupita. Alinionyesha namna ya kupima njia ya mbio. Unaanza na kamba. Ukimaliza, unachukua baiskeli ya ofisi, unafunga uzi kwenye spoki moja, unaisukuma njia ileile ukihesabu gurudumu limezunguka mara ngapi.

"Kwa nini tupime mara mbili?" nikamuuliza.

"Kamba ni shahidi mmoja na baiskeli ni shahidi mwingine," akasema. "Usiandike kitu kwa maneno ya shahidi mmoja."

Nilimpenda palepale, kwa sababu nami nilizaliwa na moyo wa kutoamini. Mama alikuwa akinituma dukani, nikirudi anahesabu chenji, nami namhesabu yeye anavyohesabu. Kwa miaka mingi nilipima njia zangu kwa kamba na kwa baiskeli. Kisha nikaacha kutumia baiskeli, na hapo ndipo yalipoanza haya ninayotaka kuwasimulia.

Kabla ya hapo kulikuwa na kesi ya Shelui, ambayo ndiyo iliyonipa jina la Kachero. Tuliandaa mbio ndefu za barabarani, na mtu mmoja akaingia wa pili akihema vizuri kabisa, jasho lipo, miguu ina vumbi. Kila mtu alimpigia makofi. Mimi nilimtazama kichwani. Nywele zake zilikuwa zimejaa pamba. Siku ile malori ya pamba yalikuwa yakipita barabara hiyo tangu asubuhi, na lori la pamba ni godoro zuri kwa mtu aliyechoka. Tangu hapo nikawa naweka mtu kwenye kona ya kugeukia mwenye kidau cha wino, kila mkimbiaji anapigwa mhuri mkononi. Walilalamika kwamba nawafanya kama ng'ombe wa mnadani. Nikawaambia ng'ombe hapandi lori kwa siri.

Basi ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka yakajaa vitu, viwanda vikaanza kufungwa. Kiwanda cha umma cha kukamua mafuta kilikuwa na timu yetu bora ya riadha. Wasichana walikuwa wanapaki mafuta mchana, jioni wanakimbia. Kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na timu ikaisha siku hiyohiyo bila mtu yeyote kuitangazia kifo chake. Mwenye kasi kuliko wote alikuwa Hadija Njiku, binti wa Kinyaturu kutoka upande wa Mgori. Kilomita kumi alizimaliza kwa dakika thelathini na sita na sekunde tano, muda ambao nilikuwa nimeuandika kwa wino na si kwa penseli.

Alipotea miaka mitatu. Nilisikia ameolewa, nikasikia amezaa, nikasikia mume amekwenda machimboni na hajulikani aliko. Mara mbili tatu nilimwona minadani akiuza mitumba, robota kichwani, akitembea kutoka mnada mmoja hadi mwingine. Tulisalimiana tu. Mwanariadha aliyeacha mazoezi humwonea kocha wake haya, na kocha naye hajui atazame wapi.

Asubuhi moja aliingia ofisini amevaa kanga, mkononi ana mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hadija. Umeniletea nguo?"

"Hapana. Nimekuja kutafuta kasi yangu. Nimesikia kuna shirika lina timu yake bado, na wanachukua wanawake kwa ajira ya kudumu. Majaribio ni Manyoni, baada ya mavuno."

Nilikuwa nimeipata taarifa hiyo, nikaiweka kwenye droo. Mshiriki alitakiwa kumaliza kilomita kumi chini ya dakika thelathini na sita na nusu, na hapokelewi uwanjani bila barua ya ofisi ya michezo ya anakotoka. Maana yake, barua yangu.

"Una mtoto," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja, Mwalimu. Mnadani hakuna cheti cha matibabu wala pensheni. Mwanangu akiugua, nauza sketi mbili ndipo twende zahanati, na siku nyingine sketi hazinunuliwi."

Nikamwambia aje kesho alfajiri.

Sehemu ya njia yetu ya zamani ilikuwa imegawiwa viwanja, tayari watu wamechimba misingi. Nikapima njia mpya nje ya mji, kilomita moja ya mzunguko, inazunguka mawe makubwa ya huko. Baiskeli ya ofisi haikuwepo tena. Ilikuwa imechukuliwa na kupigwa mnada pamoja na viti na mashine moja ya taipu. Nikapima kwa kamba peke yake, nikaweka mawe madogo yaliyopakwa chokaa kila baada ya mita mia. Mwalimu Kijanga alikuwa ameshafariki, hakuna wa kuniuliza shahidi wa pili yuko wapi.

Sasa nisikilizeni vizuri, ninyi mnaofundisha, maana hili mtaulizwa kila mwaka na watu wanaotaka kurudi. Kasi iliyopotea hairudi kwa kufukuzwa. Wiki sita za kwanza Hadija hakukimbia kwa kasi hata siku moja. Nilimtaka akimbie huku anaweza kunisimulia habari za mnadani bila kukata sentensi. Pumzi hurudi mapema, pengine mwezi tu, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu anahisi mapafu yamefunguka, anakimbia kama zamani, lakini mishipa ya kisigino na mifupa ya mguu bado haijajua kwamba likizo imekwisha. Wengi huumia wiki ya tano. Baada ya wiki sita nikampandisha vilima vifupi, kisha mbio za mita mia nne kwa vipande na kupumzika kati yake, na mara moja kwa wiki mbio ndefu ya polepole. Siku ya mapumziko ilikuwa mapumziko kweli, bila robota.

Siku ya kwanza alimaliza mizunguko kumi kwa dakika arobaini na nne, akatapika kwenye majani. Mwezi wa tatu akawa dakika thelathini na nane. Nikafurahi. Mwezi wa nne akawa thelathini na sita kasoro. Furaha ikapungua. Mwezi wa tano akamaliza kwa dakika thelathini na nne na sekunde kumi.

Niliitazama saa, nikamtazama yeye. Mwanamke aliyekaa nje miaka mitatu, aliyezaa, alikuwa amejipita mwenyewe wa zamani kwa karibu dakika mbili. Nilikuwa peke yangu naye. Sikuwa na mwanariadha mwingine wa kumlinganisha. Nikaanza ukachero.

Kwanza nikashuku kwamba anakata kona. Nikajificha nyuma ya mawe na kidau changu cha wino mfukoni, nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, nikainama hadi mgongo ukalia. Alipita kila jiwe la chokaa kwa nje, mizunguko yote kumi. Halafu nikashuku saa. Nikaipeleka kwa fundi saa sokoni, tukaishindanisha na saa ya redio kwa siku nzima. Ilikuwa sawa.

Halafu nikashuku viatu. Alivipata ndani ya robota la mitumba, viatu vya mbio vya kigeni, na kwenye kisigino kulikuwa na dirisha dogo la plastiki lenye hewa ndani. Sikuwahi kuona kiatu chenye dirisha. Nilimwambia navipeleka kushonwa, nikampelekea fundi viatu. Akabonyeza ile hewa kwa kidole gumba, akacheka, akasema, "Mwalimu, hiki kimebeba upepo wa Ulaya."

Mimi sikucheka.

Lakini lililonisumbua kuliko yote ni yale mawe makubwa. Kila akimaliza mzunguko wa kumi, hasimami. Mimi nabonyeza saa, yeye anaendelea kukimbia kwa kasi ileile, anapotelea nyuma ya mawe, anarudi baada ya dakika mbili hivi akihema. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akainamisha uso, akasema, "Najinyoosha tu, Mwalimu." Macho yake yalikuwa yanaficha kitu, hilo sikukosea. Wakati huo maduka ya dawa yalikuwa yameota kila mtaa, na makopo yenye picha za wanaume waliovimba mikono. Siku moja nikaenda nyuma ya mawe kabla yake. Nikakuta kidumu. Nikakifungua, nikanusa, nikaonja. Ulikuwa uji wa uwele wenye asali. Nikaonja tena kuhakikisha, nikaonja na mara ya tatu, na nadhani aliona umepungua.

Mtu mwenye akili angeridhika. Mimi niliona kwamba ni mjanja kuliko nilivyofikiri.

Ijumaa ya safari alikuja kuchukua barua. Nilikuwa nimeipiga taipu kwa mkono wangu, na nakala ya kaboni nikaiweka kwenye faili. Niliandika kwamba Hadija Njiku anatoka ofisini kwangu, kwamba muda wake si wa kawaida kwa mtu aliyekaa nje miaka mitatu, kwamba nina mashaka nao, na kwamba nashauri apimwe zaidi ya mara moja na viatu vyake vikaguliwe. Nikaitia kwenye bahasha, nikaibandika, nikapiga mhuri. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama binti zetu wanavyofanya.

"Mungu akulipe, Mwalimu," akasema. Akaifunga kwenye pindo la kanga ili isikunjamane.

Jumamosi asubuhi sikutulia. Nilitaka ushahidi kabisa, wa kuweka mezani wakiniuliza. Nikaazima baiskeli ya jirani anayeuza mchicha, nikafunga uzi kwenye spoki, nikaenda kuihakiki njia. Gurudumu lile lilipaswa kuzunguka mara mia nne hamsini na tano. Lilizunguka mara mia nne ishirini na saba. Nikalishuku gurudumu, nikajaza upepo, nikarudia. Mara mia nne ishirini na saba. Nikarudi ofisini, nikaitandaza kamba kwenye ukumbi, nikaipima kwa tepu ya chuma ya fundi seremala, kipande kwa kipande. Ilikuwa mita tisini na nne.

Vitambaa vyekundu vilikuwepo ncha zote mbili. Nikamwita mlinzi, Mzee Jumanne, ambaye alilinda ofisi ile kabla sijafika.

"Mzee wangu, kamba hii nani ameikata?"

Akaitazama bila woga. "Mimi."

"Wewe?"

"Mbuzi wangu alikuwa anakula mboga za watu. Nilichukua kidogo tu, na kile kitambaa chako nikakufungia tena vilevile, sikukipoteza."

"Lini?"

"Mwaka ule timu ilipokufa. Niliona viatu vimegawanywa, mipira imegawanywa, baiskeli imeondoka. Nikadhani michezo imekwisha, Mwalimu. Kamba ya nini?"

Mita sita za riadha ya mkoa zilikuwa shingoni mwa mbuzi. Kila kilomita yangu ilipungua mita sitini, na kila kilomita kumi ilipungua mia sita. Nilikaa kwenye ngazi, nikapiga hesabu kwa penseli. Ile thelathini na nne na sekunde kumi, kwa njia kamili, ni thelathini na sita na sekunde ishirini. Ulikuwa muda wa haki kabisa wa mwanamke aliyefanya kazi kwa miezi mitano. Nilikuwa nimemshuku yeye, saa, viatu na uji. Kamba, iliyokuwa inalala ofisini kwangu, sikuishuku.

Nikapanda lori la vitunguu lililokuwa linakwenda Manyoni. Njia ile wakati huo ilikuwa makorongo matupu, tulipasuka tairi, tukachomoa vumbi puani siku nzima. Nilifika ofisi zimefungwa, nikalala gesti. Asubuhi mapema nilikuwa uwanjani.

Nilimkuta anakimbia peke yake, pekupeku. Jumamosi alikuwa amekimbia na wenzake, akamaliza kwa dakika thelathini na sita na sekunde ishirini na moja, akapita. Kisha wakafungua bahasha yangu, ambayo asubuhi waliipokea kwa kutazama mhuri tu. Viatu wakavizuia bila kumpa sababu, wakamwambia kesho atarudia bila viatu, mbele ya wasimamizi watatu. Uwanja ulikuwa wa changarawe. Mizunguko ishirini na mitano, na nilipofika alikuwa amebakiza kumi na moja.

Nilimwendea mwenyekiti wa majaribio, bwana mnene aliyevaa suti ya michezo iliyopigwa pasi. Nikamweleza habari ya kamba, mlinzi na mbuzi. Alinisikiliza huku akitazama mbio.

"Mashaka yako yaliletwa kwa maandishi, Mwalimu," akasema. "Kuyafuta nako kuletwe kwa maandishi."

"Msimamishe kwanza. Tazama miguu yake."

"Ameshaanza. Akisimama, ataandikwa ameshindwa."

Nikaazima karatasi, nikaandika juu ya goti. Maandishi yangu, ambayo mnayajua, yalikwenda upande. Kila Hadija alipopita mbele yangu nilisikia nyayo zake zikikwaruza changarawe, na kwenye mistari ya chokaa kulikuwa na alama nyekundu ambazo mwanzoni nilidhani ni udongo. Sikuwahi kumwomba Mungu uwanjani, maana Mungu naye nilikuwa namwona ana upande. Siku ile niliomba. Mzunguko wa mwisho alinitazama, nadhani ndipo aliponitambua, akakaza meno akaongeza mwendo. Mwenyekiti akabonyeza saa, nami nikabonyeza yangu. Dakika thelathini na sita na sekunde ishirini na saba. Zilibaki sekunde tatu.

Walimchukua. Karatasi yangu ya goti wakaibana pamoja na ile ya kwanza.

Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani, miguu ameifunga vipande vya kanga. Mfuko wake niliubeba mimi.

"Mwalimu, kumbe ulinifuata mpaka huku."

"Nilikuwa na safari."

"Na barua umeniandikia mara mbili. Nilikuona unaandika ile ya pili pale uwanjani. Wenzangu waliniuliza, huyo ni baba yako?"

Nikaona bora nianze na kamba. "Hadija, ile njia yetu ni fupi. Imepungua mita sitini kila mzunguko."

Akacheka kwa haya, akaziba mdomo kwa kanga. "Najua."

"Unajua?"

"Tangu wiki ya pili. Hatua zangu nazihesabu, Mwalimu. Kilomita moja nazijua ni ngapi tangu tuko kiwandani, na njiani kwenda minadani nilikuwa nahesabu ili nisisikie uzito. Pale kwako kila mzunguko zilikuwa zinapungua arobaini na kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye uliyepima." Akakaza kitambaa cha mguuni. "Nilijua umenipunguzia makusudi nisikate tamaa. Nikasema moyoni, huyu mzee ana huruma, ila hapendi ionekane. Ndiyo maana nilikuwa nikimaliza naongeza kile kipande huku nyuma ya mawe, mia sita zilizobaki. Sikutaka ujue kwamba nimejua. Ungeona umeaibika."

Nilitazama nje. Nilisikia aibu ambayo mpaka leo sijapata mahali pa kuiweka. Miezi mitano mimi nilikuwa nachungulia nyuma ya mawe kutafuta wizi wake, na yeye alikuwa anakwenda nyuma ya mawe yaleyale kunifichia wema ambao sikuwa nao. Nafasi ya kumwambia ilikuwa pale, Manyoni hatujaiacha mbali. Nikamwuliza kama miguu inauma. Akasema inauma kidogo.

Alikimbia katika timu ile miaka mingi, mwanaye akasoma, naye mwenyewe baadaye akaenda chuo kusomea michezo. Mimi nilinunua kamba mpya na baiskeli yangu mwenyewe, na hakuna njia niliyopima tena kwa shahidi mmoja. Vijana, fanyeni hivyo pia. Mzee Jumanne nilimwachia zile mita sita. Mbuzi alikuwa amezizoea.

Mwezi uliopita, aliyekuja kukabidhiwa ofisi yangu ni Hadija. Nilimpa filimbi, saa na kamba, naye akaipima kamba palepale mbele yangu, nikafurahi. Mafaili hatukuyapitia. Faili la majaribio ya Manyoni liko kabati la chini, la kijani, na nakala ya kaboni ya barua yangu ya kwanza imo, inasomeka vizuri. Nilikuwa na wiki nzima ya kuichomoa kabla ya kukabidhi. Kila siku nilifungua kabati, nikaishika, nikairudisha.

Jana alinipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu. Leo napanga mafaili. Kabati la juu nimemaliza, ila la chini limefungwa. Ufunguo uko wapi?"

Nikamwambia ulipo.